Nataka kuanza ushauri nasaha kwa video na mtaalamu wa binafsi, kikao cha kwanza kinakuwaje?

BintiChake

Asalam aleikum ndugu zangu. Mie nasoma tu humu siku zote sijawahi kuandika, leo nimejikaza mana nahitaji kusikia kwa mtu aliyepitia mwenyewe.

Nipo Chake, Pemba, mwalimu wa skuli ya msingi, nina watoto wawili na mume wangu anafanya kazi Muscat anakuja mara moja kwa mwaka. Tokea Ramadhani iliyopita sipo sawa. Nikilala saa nne, saa nane nishaamka moyo unakwenda mbio na usingizi ndo basi tena mpaka alfajiri. Mchana nasomesha vizuri, walimu wenzangu wananiona nacheka, nikirudi nyumbani najifungia chooni nalia halafu nanawa uso natoka. Sijafiwa, sina deni, sijagombana na mtu. Mama mkwe alinipeleka kusomewa Qur'an na nimekunywa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa, na wallahi siku zile nilipata utulivu siwezi kukana, ila baada ya muda hali inarudi palepale.

Sasa kuna mama mmoja mwanasaikolojia yupo Dar, ana ofisi yake binafsi na anafanya vikao kwa video. Namba nimepewa na rafiki yangu, nimemuandikia, amenipangia Jumamosi saa kumi jioni. Tokea hapo roho hainitulii. Siku ya kwanza anauliza nini hasa? Nikianza kulia itakuwaje? Mtandao ukikata? Yeye si wa huku na nadhani si muislamu, nikimwambia nimesomewa atanielewa au ataniona mshamba? Na kubwa zaidi nyumba yetu ina watu wengi, mama mkwe, wifi yangu, watoto, milango yenyewe haifungi vizuri. Kwenda hospitali kukaa pale kumsubiri daktari wa akili naogopa, Chake yote tunajuana, ukionekana asubuhi jioni habari ishafika Wete. Halafu hivi vikao vinachukua muda gani mpaka mtu apate nafuu? Naombeni msinicheke.

mama_Fuoni

Waaleikum salaam mdogo wangu. Hapana wa kukucheka.

Mie nimefanya hivohivo, mshauri wangu alikuwa bara na mie nipo Fuoni, ilikuwa baada ya kujifungua mtoto wangu wa mwisho. Mie nilidhani nitaingia nimwage yote halafu aniambie dawa yake ni hii, na haiko hivo. Kwanza kabla ya siku yenyewe atakutumia fomu. Jina, umri, maradhi uliyonayo, dawa unazotumia hata zile za kuzuia mimba, umeshawahi kupata hali kama hii zamani au la, na mtu wa kupigiwa ikitokea dharura. Kwenye fomu hiyohiyo kuna maelezo ya siri, yasome usiyapite tu ukatia tiki. Kawaida yanasema unayoyazungumza yanabaki kwake isipokuwa mambo machache, kama upo katika hatari ya kujiua, kama unakusudia kumdhuru mtu, kama kuna mtoto anaumizwa, au mahakama ikiamrisha. Haya anatakiwa akueleze na kwa mdomo wake siku ya kwanza, asipokueleza muulize.

Mkishaonana kwenye video atakuuliza upo wapi saa hizi na je upo peke yako. Usishtuke ukadhani anakuchunguza. Yeye yupo Dar wewe upo Pemba, ukizidiwa katikati ya mazungumzo lazima ajue ampigie nani na msaada uje wapi. Wangu alikuwa ananiuliza kila kikao mpaka tunamaliza. Hapohapo mkubaliane simu ikikata nani anampigia mwenzake, mnasubiri dakika ngapi, na kama video haiwezekani mnaendelea kwa sauti tu au mnaandikiana. Wangu tulikubaliana yeye ndo anapiga, mie nisihangaike. Na uliza mapema habari ya malipo, wengi ukifuta kikao chini ya saa 24 wanakutoza, na umeme wetu unavyojua wenyewe basi mwambie mapema kuwa kuna siku utakatika bila taarifa.

Maswali sasa. Ilianza lini, usingizi, chakula, kazi, ndoa, ulivyolelewa, unaishi na nani, ukipata shida unamkimbilia nani. Mengi ni ya kawaida na lolote usilotaka kulijibu siku ile unasema hili bado, anapita. Ila kuna swali moja lifikirie kabla ya Jumamosi, atakuuliza unataka nini kibadilike. Ukisema nataka nipone atakuuliza ukipona utakuwa unafanya nini ambacho saivi hufanyi. Mie nilikaa kimya muda mrefu halafu nikamwambia nataka nimshike mwanangu nisikie raha, mana nilikuwa namnyonyesha na sisikii chochote. Tukaanzia hapo.

Kuhusu kulia, lia mdogo wangu. Yeye atakaa kimya akusubiri, hatakwambia nyamaza. Weka kanga yako na maji karibu. Na siku hiyo usipange kupika kwa ajili ya wageni wala kwenda shughulini, mana unatoka umechoka kama uliyefua nguo za nyumba nzima, na wengine usiku ule hali inakuwa nzito zaidi kuliko jana yake, mie ilinitokea nikaogopa nikataka kuacha. Inapita. Muandikie kesho yake umwambie, mzuri atataka kujua.

Kikao chenyewe ni kama dakika 50 na atafunga wakati ukifika hata kama una maneno. Mwanzo iliniuma nikaona huyu hanijali ana haraka ya mtu mwengine, baadae nikaelewa ile saa ndo inayonifanya niseme la muhimu mapema nisizunguke.

MtuWaWete

Dada pole sana. Mimi mwanaume, ni wa Wete lakini naishi Unguja. Naandika khasa kwa hilo swali lako la kueleweka na mtu asiye wa huku.

Nilipoteza ndugu zangu kwenye meli ya Spice Islander ilipozama, usiku ule wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, walikuwa wanarudi Pemba. Waliopatikana walizikwa, wengine hawakuonekana mpaka leo. Tukasoma khitma, kisomo cha kuwaombea marehemu, tukasema ni qadar ya Mwenyezi Mungu na ni kweli ni qadar, lakini ndani ya nyumba majina yao hayakutajwa tena, mama akiyasikia anainuka anaondoka. Na mimi tokea hapo boti sipandi. Harusi natafuta udhuru, msiba nakopa nauli ya ndege, kuna eid nimekaa Unguja peke yangu nimewadanganya nyumbani kuwa nipo kazini. Mke wangu ndo aliyesema hii si tabia yako, wewe unaumwa.

Mshauri wangu alikuwa mtu wa Arusha. Nungwi, kule ilikozamia meli, haijui, khitma haijui, hajui kwa nini siwezi kumtaja marehemu mbele ya mama yangu. Ilibidi nimueleze kila kitu toka mwanzo na vikao vya kwanza nilikuwa naona napoteza pesa. Lakini dada, kwa mtu wa kwetu ningesema si unaijua ile meli, nikapita, na yeye angetikisa kichwa tukaishia hapo. Kwa huyu sikuwa na pa kupita. Akauliza ulikuwa wapi ulipopata habari, nani alikupigia, ulifanya nini baadae, ulikwenda kuwatambua au hukwenda. Nikasema mambo ambayo hata mke wangu sijawahi kumwambia. Nilipomwambia tumesoma khitma aliniuliza ilikusaidia vipi, akanyamaza akasikiliza, hakuniuliza hayo mambo yenu ni yapi tena. Kwa hiyo wewe Jumamosi mwambie waziwazi nimesomewa, nimekunywa kombe, nilipata utulivu kisha ikarudi, halafu muangalie anavyolipokea. Akilibeza au akikwambia uache, tafuta mwengine. Akiuliza kwa adabu, huyo anafaa hata kama hajui kombe linaandikwa kwa nini.

Na wapo wengine si wabaya ila hampatani tu. Ukishafanya vikao vitatu vinne ukaona bado unachagua maneno ya kumfurahisha, mwambie. Aliyesomea kazi yake hachukii, na mara nyengine atakutafutia mwenzake anayekufaa zaidi.

Kama unataka kujua iliishia wapi, tulikwenda kidogokidogo. Mwanzo kutazama picha ya boti nikiwa naye kwenye simu. Halafu kwenda Malindi bandarini kukaa tu, nione watu wanapanda, nirudi nyumbani. Halafu kukaa zaidi. Mwisho nikapanda boti ya mchana na mke wangu pembeni, nilitetemeka mikono njia nzima, nikashuka Mkoani kwa miguu yangu. Mama alilia. Ndo siku ya kwanza tukawataja kwa majina mimi na yeye.

nesi_zamu_ya_usiku

Nimeona niongeze kwa upande wa hospitali mana kuna mambo mwenzetu asiyakose.

Kabla ya yote nenda kapime damu. Moyo kwenda mbio na kukosa usingizi kunaweza kutokana na tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu nao unachosha mtu na moyo ukadunda, presha pia ipimwe, sukari pia. Hivi ni vipimo vya kawaida, ukikaa kwenye foleni ya maabara hakuna atakayejua unatafuta nini. Majibu uwe nayo Jumamosi, mwanasaikolojia mzuri atayauliza.

Pili watu wanachanganya. Mwanasaikolojia au mshauri nasaha anatibu kwa mazungumzo, dawa haandiki. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyesomea zaidi, huyo ndo anaandika dawa na lazima awe amesajiliwa na baraza la madaktari. Kwa hiyo mtu wa mtandaoni anayekwambia nitakutumia vidonge kwa basi au kwa boti na hajawahi kukupima, muogope. Na huyo mama wa Dar usione haya kumuuliza amesomea wapi, ana kiwango gani, amefanya kazi hii muda gani, na watu wenye hali kama yako ameshawahudumia. Hilo ni haki yako, unalipa. Siku hizi kila mwenye simu na maneno matamu anajiita kaunsela, mwengine kafanya semina ya siku mbili tu, na mtu mwenye dhiki anaingia kwake na siri zake zote. Linaniuma sana hili.

Tatu siku ya kwanza huenda akakupa karatasi ya maswali. Kuna moja ya maswali 9 inaitwa PHQ-9, inauliza wiki mbili zilizopita mara ngapi umekosa usingizi, umekosa hamu, umejiona huna thamani na kadhalika, kila swali unajipa 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa ni 27. Kuna nyengine ya maswali 7 ya wasiwasi, GAD-7, hiyo mwisho wake 21. Si mtihani hakuna kufeli, ni kumuonesha pa kuanzia, na baada ya wiki kadhaa mnairudia mnaona namba zimeshuka au zimesimama palepale. Sasa lile swali la 9 la PHQ-9 linauliza kama wiki hizo mbili umefikiri bora ungekufa au kujidhuru. Watu wengi hapa wanaandika 0 kwa sababu ya aibu na khofu ya dhambi. Jibu ukweli. Kuulizwa hakumtii mtu fikra ambayo hanayo, na kusema hakumfanyi akuone muovu, kunamfanya ajue akushike vipi.

Na hapa nasema kwako na kwa kila anayesoma. Kama fikra hizo zipo saa hizi na zinakuja na mpango, au mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kaacha kula kabisa, video haitoshi na Jumamosi ni mbali. Kwa Unguja kuna hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu na hospitali ya Mnazi Mmoja, kwa Pemba nenda hospitali ya Chake, Wete au Abdulla Mzee Mkoani, mwambie mtu mmoja akufuatane. Dharura namba ni 112.

Muda gani. Njia inayotumika sana kwa hali kama unayoieleza ni ile ya kuangalia fikra na vitendo, aliianzisha daktari wa Marekani Aaron Beck miaka ya 1960, na kwa kawaida inachukua vikao 6 mpaka 20. Si maongezi tu, utapewa kazi ya nyumbani. Kwa mfano uandike saa nane ile ulipoamka fikra ya kwanza ilikuwa ipi, au usikae kitandani macho wazi zaidi ya dakika 20, inuka kaa pengine mpaka usingizi uje, na asubuhi uamke saa ileile kila siku hata kama hukulala. Kwetu sie alfajiri inatusaidia kwa hilo. Anayefanya kazi ya nyumbani ndo anayepata nafuu mapema, anayesubiri kikao tu anachelewa.

kwaleMkoani

Mimi nitasema tofauti na sisemi kwa ubaya. Wazee wetu hawakuwa na hayo na waliishi. Dada ana mume mbali, watoto, kazi, nyumba ya watu, huo ni uchovu na upweke. Zidisha nyiradi, ukiamka hiyo saa nane inuka uswali tahajjud, utaona. Pesa ya kumlipa mtu wa Dar akusikilize si bora iende kwa watoto?

Abu_Salim

Ndugu yangu wa Mkoani, nyiradi na tahajjud ni kheri na hakuna aliyemkataza. Mimi mwenyewe nasomesha madrasa na watu wananijia kuwasomea, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Mtume rehma na amani ziwe juu yake amesema tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Hakusema maradhi ya tumbo peke yake. Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, ipo ndani ya Qur'an, na hakuna anayethubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu. Hospitali aliyoijenga Sultan Qalawun Cairo, ilimalizika mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili ndani yake. Waislamu hawa walikuwa wanaswali na wanasoma dua kuliko sie, na bado walijenga.

Mimi mtu akinijia namsomea, na akija mara ya pili ya tatu na hali ileile namwambia nenda kwa daktari, dua nitaendelea nayo. Nimeona vijana waliokaa kwa waganga miaka wakifukuzwa majini, wengine wamefungwa, mali ya familia imeisha, na kumbe ni maradhi yanayotibika. Inaniumiza kwa sababu wanapelekwa kwa jina la dini.

Uchovu na upweke uliousema wewe mwenyewe ndo mambo ya kuzungumza na mtu anayejua kusikiliza. Dada nenda na bismillah. Na kwa kuwa mshauri wako ni mwanamke hata lile suala la kukaa faragha na mwanaume kwenye simu halipo, wengine linawatatiza na wana haki ya kuomba mwanamke.

kwaleMkoani

Nimekuelewa ustadh. Dada Mungu akufanyie wepesi.

BintiChake

Allah awalipe nyote, nimesoma nikalia lakini safari hii kilio chengine. MtuWaWete pole sana kaka yangu, kwetu pia kuna waliopotea usiku ule, na kwetu pia hawatajwi.

Damu nimepima leo, majibu kesho. Fomu kweli imekuja na ina yote mliyosema. Nesi swali la 9 nimejibu ukweli, si 0, lakini sina mpango wowote na nimemuandikia hivohivo, amenijibu palepale akaniuliza mambo mawili matatu akasema tutalianza nalo Jumamosi na akanipa namba nimpigie kabla ikizidi. Nimesikia nafuu kuambiwa tu hivo.

Yaliyobaki matatu. Sehemu ya kukaa. Mume wangu nimwambie au nisimwambie. Na ile nafasi ya mtu wa dharura nimeiacha wazi, nikimuandika mama mkwe ndo imekwisha siri.

Zai_Michenzani

Sehemu nikusaidie mie mana nimefanya vikao vyangu nikiwa naishi chumba kimoja na dada zangu wawili.

Vaa hedifoni, wakisikia watasikia sauti yako tu, maswali yake hawayasikii, na mengine unaweza kujibu kwa kifupi tu ndio, hapana, tokea mwaka jana. Wewe ni mwalimu, Jumamosi jioni skuli haina mtu, mwombe mlinzi au mwalimu mkuu funguo ya darasa moja sema una kikao cha mtandaoni, si uongo ni kikao. Au gari ya mtu unayemuamini ikiwa imesimama. Nyumbani iwe ndo mwisho kabisa, na kama ni nyumbani washa feni, weka redio mlangoni kwa nje isome Qur'an, na chagua saa ambayo wao wana shughuli yao. Kaeni na mshauri mpange neno. Mie nikisema "nitakutumia ile ripoti" alikuwa anajua kuna mtu kaingia, anaanza kuzungumzia mambo ya kazi mpaka nimwambie kashatoka. Ilitokea mara nyingi tu na hakuna aliyejua.

Simu yenyewe sasa. Fungua WhatsApp angalia vifaa vilivyounganishwa, kama kuna kompyuta ya skuli au simu nyengine imeungwa kwako mtu anasoma kila kitu, iondoe. Zima zile meseji zinazotokea juu ya skrini. Weka namba ya siri kama watoto wanachezea simu yako. Ukilipa kwa simu ile meseji ya muamala inabaki na jina la aliyepokea, kama wifi yako hukopa simu yako kutuma pesa ifute. Chaji simu mpaka ijae tokea asubuhi, uwe na pawabenki ikiwezekana, bando liwe la kutosha mana video inakula, na uwe na laini ya mtandao mwengine. Chake mtandao jioni unaweza kuwa mzito, ukiona sura yake inagandaganda zima video mbaki na sauti, wengine hata wanasema mengi zaidi wasipotazamwa.

mama_Fuoni

Zai umemaliza. Kuhusu mume, mie nilimwambia baada ya kikao cha pili nilipokuwa nishajua mwenyewe nasema nini. Nilimwambia nazungumza na mtaalamu kwa ajili ya usingizi na huzuni, nitakueleza zaidi nikiwa tayari. Basi. Hakuuliza, baada ya mwezi mwenyewe ndo anakumbusha leo si siku yako. Lakini mie wangu namjua ni mtulivu. Wewe unamjua wako, kama ni mtu wa kumpigia mama yake jioni ileile akamueleza, subiri. Vikao ni vyako na mshahara ni wako. Na kila wiki usijilazimishe kama pesa hairuhusu, mie tulikwenda kila baada ya wiki mbili na ilifaa, mwambie mshauri bajeti yako tokea mwanzo.

MtuWaWete

Mimi kama mume ningetaka kuambiwa mapema, tena na yeye si na mtu mwengine. Mtu ukiwa mbali unahisi sauti imebadilika kwenye simu unaanza kujaza mwenyewe, na unayojaza siku zote ni mabaya kuliko ukweli. Huenda tayari anajua kuna kitu. Lakini mama Fuoni kasema kweli, wewe ndo unayemjua. Muulize na mshauri Jumamosi, hilo ni swali zuri la siku ya kwanza.

nesi_zamu_ya_usiku

Alhamdulillah umejibu ukweli, na huyo mama alivyokujibu palepale ni dalili nzuri sana.

Mtu wa dharura si lazima awe wa nyumba moja na wewe wala si lazima ajue unazungumza nini huko. Anatakiwa awe mtu mzima, awe karibu anaweza kufika ulipo kwa haraka, anapokea simu, na hatangazi. Yule rafiki yako aliyekupa namba, kama yupo Chake, tayari anajua nusu ya habari, mfikirie yeye. Muombe kabla ya kumuandika. Mwambie hivi tu, kuna mtaalamu akikupigia akasema nenda kwa fulani, uje unipate usiulize. Na muulize mshauri ni katika hali zipi hasa atampigia, akueleze, ili usikae na wasiwasi kuwa atapigiwa kwa kila kilio.

BintiChake

Rafiki yangu yupo Machomanne, dakika kumi kwa bodaboda. Nimempigia saa hizi amekubali kabla sijamaliza kusema. Funguo za darasa nimepata pia.